Isomeni Mashine Kwanza: Kuitibu Waifai Iliyokataa Kwenye Linux

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA, Kigoma mjini

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, walimu wa TEHAMA mliotoka Kasulu, Kibondo, Uvinza na Kakonko, nawasalimu nyote. Kwa ruhusa yenu naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana mada ni nene na muda tuliopewa ni mfupi.

Laptopu nyingi zinazofika mkoani kwetu ni za mtumba. Zimeshatumika ofisini huko zilikotoka, na tukiziwekea Ubuntu, Mint au Debian, yaani distro (aina) za mfumo wa uendeshaji wa Linux, zinafanya kazi vizuri sana kwa shule na kwa ofisi ndogo. Kasoro inayowarudisha wateja dukani ni moja: waifai haionekani. Hapo ndipo fundi asiye na utaratibu anapotoa hukumu ya haraka kwamba kadi imekufa, au anaanza kunakili amri alizozikuta mtandaoni, ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka mfumo wenyewe unaharibika. Mimi nasema kadi iliyokufa kweli ni nadra. Mara nyingi kadi ni nzima na mashine imeshaandika ndani yake kinachoisumbua. Kazi yetu ni kusoma.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Draiva ni sehemu ya kerneli, yaani kiini cha Linux, inayojua kuzungumza na chipu ya waifai. Fimwea ni programu nyingine inayoingizwa ndani ya chipu yenyewe kila mara kompyuta inapowashwa, na faili lake hukaa kwenye folda ya `/lib/firmware`. Boti ya Kibirizi inaweza kuwa na nahodha hodari, lakini tangi likiwa tupu haiondoki gatini. Draiva bila fimwea iko hivyo hivyo: ipo, imeitambua kadi, na bado hakuna mtandao hata mmoja utakaouona. Msimbo wa draiva nyingi uko wazi kwa wote, nazo huja pamoja na kerneli. Fimwea ni mali ya watengenezaji wa chipu, na baadhi ya distro kwa miaka mingi zilikataa kuiweka kwenye diski ya usakinishaji. Debian walibadili msimamo huo kwa kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 fimwea inakuja ndani ya diski ya kawaida. Kwa hiyo mkiwa na diski ya Debian 11 kabatini, acheni kuitumia kwa mashine mpya. Mtajipunguzia nusu ya matatizo.

Sasa tuingie kwenye kusoma. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike `lspci -nnk`, kisha utafute mstari wenye maneno "Network controller". Mwishoni mwa mstari huo kuna mabano ya mraba yenye namba mbili zilizotengwa kwa nukta mbili, kwa mfano `10ec:b723`. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Qualcomm Atheros, 14c3 ni MediaTek. Namba ya pili ni chipu yenyewe. Ziandikeni kwenye daftari la kazi, maana jina lililobandikwa juu ya laptopu halitawasaidia chochote: HP mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi mbili tofauti. Kama waifai ni ya kuchomeka kwenye USB, amri ni `lsusb`.

Chini ya mstari huo tazameni maneno "Kernel driver in use". Yakiwepo, draiva imeshashika kadi na tatizo liko mbele zaidi. Yasipokuwepo, draiva haipo au imezuiwa. Na kama kadi yenyewe haimo kabisa kwenye orodha, hapo ndipo mnaruhusiwa kushika bisibisi: fungueni mfuniko, toeni kadi, sugueni meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, irudisheni mpaka ikae sawa, na mhakikishe nyaya za antena zimeng'ata. Tazameni pia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kama waifai haikuzimwa huko.

Amri ya pili ni ile ya kusoma kumbukumbu za kerneli: `sudo dmesg | grep -i -E "firmware|wifi|wlan"`. Ongezeni jina la draiva mkilijua, kama `iwlwifi` kwa Intel. Hapa ndipo naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapotea. Mkiona maneno "Direct firmware load for" kisha jina la faili kisha "failed with error -2", maana yake ni kwamba faili hilo halikupatikana kwenye folda. Hilo tu. Lakini si kila mstari wa namna hiyo ni ugonjwa. Draiva ya Intel huanza kuomba toleo la juu kabisa la fimwea inaloweza kulitumia, likikosekana inashuka hatua moja, na tena, mpaka inapokutana na lililopo. Kwa hiyo unaweza kuona mistari mitano ya kushindwa, na wa sita unasema "loaded firmware version". Mashine hiyo ni nzima. Vivyo hivyo, faili linaloitwa `iwl-debug-yoyo.bin` likilalamikiwa, lipuuzeni. Ni la uchunguzi wa watengenezaji na waifai hailihitaji. Mstari wa kuuogopa ni "no suitable firmware found". Huo ukitokea, chini yake draiva hutaja toleo la chini na la juu inaloweza kulipokea. Kwa kadi ya Intel 7260, kwa mfano, faili litakuwa `iwlwifi-7260-17.ucode`.

Mkishalijua jina la faili, pakeji yake, yaani kifurushi chake cha kusakinisha, ni rahisi. Kwenye Ubuntu na Mint karibu kila kitu kimo ndani ya `linux-firmware`. Kwenye Debian zimegawanywa: `firmware-iwlwifi` kwa Intel, `firmware-realtek` kwa Realtek, `firmware-atheros` kwa Atheros, `firmware-brcm80211` kwa sehemu ya Broadcom. Kwenye Debian lazima pia faili la vyanzo vya apt, programu inayosakinisha pakeji, liwe na neno `non-free-firmware`, la sivyo apt itajibu kwamba pakeji haijulikani.

Swali linalokuja mara moja ni hili: nitapakuaje wakati intaneti ndiyo inayokosekana? Jibu liko mfukoni mwa kila mmoja wenu. Chomekeni simu ya Android kwa waya wa USB, ingieni kwenye mipangilio, washeni kusambaza mtandao kwa USB. Linux huitambua simu hiyo kama kadi ya mtandao wa waya bila kuhitaji kuongezwa chochote. Na simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya shule, itapitisha hiyo hiyo kwenda kwenye kompyuta, bando lako halitaguswa. Waya uwe wa data. Nyaya nyingi za bei ndogo ni za kuchaji tu, na fundi anaweza kupoteza saa nzima akilaumu Linux.

Nasema hili la bando kwa makusudi. `linux-firmware` ya Ubuntu ni nzito, mamia ya megabaiti, kwa sababu imebeba fimwea za kadi za picha na vitu vingine vingi. Ukiwa Kakonko na bando dogo, haina sababu kupakua mzigo wote huo ili upate faili moja. Fimwea ya MT7601U, chipu iliyomo kwenye vijiadapta vingi vidogo vya USB vinavyouzwa kwa bei nafuu, haifiki hata kilobaiti 100. Chukueni faili lenyewe kwenye hazina ya linux-firmware iliyoko kernel.org, linakilini kwenye `/lib/firmware` kwa `sudo cp`, kisha washeni mashine upya. Angalizo: distro za sasa hubana faili hizi, utaona jina linaishia na `.xz` au `.zst`. Kerneli ya kabla ya 5.3 haiwezi kufungua `.xz`, na ya kabla ya 5.19 haiwezi kufungua `.zst`. Ukichukua faili lililobanwa kutoka kwenye mashine mpya ukalipeleka kwenye mashine yenye mfumo wa zamani, kosa la -2 litabaki pale pale na utashangaa, kwa sababu faili unaliona kwa macho yako. Lifungue kwanza kwa `unxz` au `unzstd`.

Nije kwa Broadcom, kwa sababu inasumbua kuliko zote. Chipu zake za zamani ziko za aina nyingi na kila moja ina draiva yake: `b43`, `brcmsmac`, `brcmfmac`, na ile ya kampuni yenyewe iitwayo `wl`. BCM43142, namba `14e4:4365`, inataka `wl` peke yake. Pakeji yake kwenye Debian ni `broadcom-sta-dkms`. Kwenye Ubuntu imekuwa ikiitwa `bcmwl-kernel-source`, na kabla ya kutumia bando itafuteni ndani ya folda `pool` kwenye flashi mliyosakinishia. Zile zinazotaka `b43` zina shida nyingine: pakeji `firmware-b43-installer` haibebi fimwea ndani yake. Wakati wa kusakinishwa inakwenda kuipakua mtandaoni. Kwa hiyo kuibeba kwenye flashi mpaka kijijini hakusaidii kitu. Lazima simu iwe imechomekwa wakati huo. Na msiziweke `wl` na `b43` kwa pamoja mkitumaini moja itakubali. Zinagombania kadi moja, na matokeo yake ni waifai inayokuja leo na kupotea kesho.

Neno "dkms" mlilolisikia maana yake draiva hiyo itajengwa upya kwenye mashine yako, kwa ajili ya kerneli yako. Inahitaji `build-essential`, yaani zana za kujengea, na vichwa vya kerneli, yaani faili zinazoieleza kerneli kwa draiva inayojengwa, `linux-headers-$(uname -r)`, na toleo lazima lilingane sawasawa na linalofanya kazi sasa hivi. Hapa ndipo chanzo cha lalamiko mnalolijua: "waifai ilikuwa inafanya kazi, nimesasisha mfumo, imekufa." Kerneli mpya imeingia, vichwa vyake havikuingia, draiva haikujengwa. Andikeni `dkms status`. Kama kerneli ya sasa haimo kwenye orodha, mmeshaujua ugonjwa. Sakinisheni `linux-headers-generic` kwa Ubuntu au `linux-headers-amd64` kwa Debian ili vichwa vifuatane na kerneli kila mara. Wakati huo mteja akihitaji mtandao haraka, washeni mashine, chagueni kerneli ya zamani kwenye GRUB, orodha inayotokea mashine inapoanza.

Kuna kizuizi kingine cha draiva za kujengwa, nacho ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaoruhusu tu programu zenye saini inayoaminika. Draiva imejengwa bila kosa, lakini `sudo modprobe wl` inajibu "Key was rejected by service" au "Required key not available". Kerneli inakataa moduli isiyo na saini inayoiamini. Thibitisheni kwa `mokutil --sb-state`. Ubuntu hukuomba nenosiri wakati wa kusakinisha, kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu yenye maneno "Enroll MOK", yaani kusajili ufunguo wa saini hiyo. Wengi hubonyeza kuendelea bila kusoma, na ufunguo hauingii. Chagueni "Enroll MOK", andikeni nenosiri lile lile, ndipo mwendelee. Kuzima Secure Boot ndani ya BIOS nako kunamaliza tatizo, na kwa mashine ya maabara ya shule sioni ubaya, ila mwenye mashine aambiwe.

Realtek nayo ina mambo yake. Chipu RTL8723BE, hiyo `10ec:b723` niliyoitaja mwanzo, imo kwenye laptopu nyingi za HP, na malalamiko yake huwa ni kwamba waifai inaonekana lakini ni dhaifu mno: ukikaa kando ya ruta inashika, ukitoka mlangoni inakata. Kiwandani waliweka antena moja tu, na draiva inadhani iko upande mwingine. Iondoeni na kuirudisha kwa kuielekeza: `sudo modprobe -r rtl8723be`, kisha `sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2`. Pimeni nguvu kwa `iw dev wlp2s0 link`, mkiweka jina la kadi yenu mahali pa `wlp2s0`. Namba ya signal ikitoka -80 ikafika -50, mmepata. Isipobadilika, jaribuni `ant_sel=1`. Kinachofaa kiandikeni ndani ya `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf` kwa mstari mmoja, `options rtl8723be ant_sel=2`, ili kibaki hata mashine ikizimwa.

Chipu nyingine ya Realtek, RTL8821CE, imekuwa ndani ya kerneli tangu 5.9, hivyo maelekezo ya zamani yanayowataka mjenge draiva ya nje kwa ajili yake yamepitwa na wakati. Kabla ya kujenga chochote cha Realtek, andikeni `uname -r` mtazame kerneli yenu. RTL8812AU ilichelewa zaidi, imeingia kwenye 6.14. Mara nyingi kusasisha kerneli kunatibu kuliko draiva ya mtu binafsi iliyoachwa bila matunzo.

Kwa adapta za USB, kuna mbili za kujihadhari nazo. Baadhi ya Realtek zikichomekwa hujitambulisha kama CD yenye draiva za Windows. Kwenye `lsusb` utaona `0bda:1a2b`, na waifai hakuna. Sakinisheni `usb-modeswitch`, kisha `sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b`. Itajigeuza na namba itabadilika. Ya pili ni jina moja lenye chipu tofauti. TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lina AR9271 ya Atheros, ambayo Linux inaipenda sana. Toleo la 2 na la 3 lina RTL8188EUS ya Realtek, kwa jina lile lile. Mkienda kununua, someni toleo kwenye lebo ya nyuma. Na mkiona kwenye dmesg "device descriptor read/64, error -71", acheni habari za draiva: ni umeme au waya. Ondoeni habu, chomekeni moja kwa moja kwenye mashine, na kwa kompyuta ya mezani tumieni matundu ya nyuma.

Draiva ipo, fimwea imepakiwa, na bado hakuna mtandao? Andikeni `rfkill list`, inayoonyesha kama waifai imezimwa. "Soft blocked: yes" inaondoka kwa `rfkill unblock all`. "Hard blocked: yes" haiondoki kwa amri yoyote, tafuteni swichi ubavuni au kitufe cha Fn chenye alama ya antena. Kama mashine ina Windows pia, zimeni kule Windows kile kipengele cha Fast Startup, kwa sababu Windows inalala bila kuiachia kadi na Linux inaikuta katika hali isiyoeleweka. Kwa waifai inayokatika kila dakika chache, tuhuma yangu ya kwanza ni kubana umeme: kwenye `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf` badilisheni 3 iwe 2, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Na kama simu zote zinaiona ruta isipokuwa kompyuta hiyo moja, tazameni chaneli ya ruta. Chaneli za 12 na 13 hukwama kwa kadi ambayo haijajua iko nchi gani. Wekeni ruta kwenye 1, 6 au 11, au andikeni `sudo iw reg set TZ`.

Niwape na hili walimu, kwa sababu kompyuta za mezani za shuleni nyingi ni za zamani. Waifai inashika, lakini apt inagoma na kusema "Release file is not valid yet", na kivinjari kinalalamikia vyeti vya usalama. Tazameni tarehe. Betri ndogo ya ubaoni, CR2032, imekwisha, na mashine inaamini tuko miaka mingi nyuma. Badilisheni betri, wekeni saa sawa, na mtandao utakubali bila kugusa draiva.

Mkifika mahali pa kununua kadi mpya ya ndani, kuna mitego miwili. Laptopu kadhaa za zamani za HP na Lenovo hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao: Lenovo huonyesha kosa 1802 na HP huonyesha 104, na hakuna draiva itakayosaidia hapo. Mtego wa pili ni kadi za Intel kama 9560 na AX201. Zinaingia kwenye tundu la M.2 vizuri kabisa, lakini sehemu ya kazi yake inafanywa na prosesa ya Intel ya kizazi fulani, hivyo kwenye mashine ya AMD au ya zamani hazitaonekana kamwe. Nunueni AX200 au AX210, hizo zinajitegemea.

Kwa wanaokwenda vijijini, flashi ya gigabaiti 16 inatosha. Wekeni humo diski ya mfumo mnaousakinisha, pakeji za fimwea za Debian nilizozitaja, `usb-modeswitch`, `dkms` na `rfkill`, pamoja na vichwa vya kerneli ile ile iliyomo kwenye diski hiyo. Mkifika, `sudo apt install ./*.deb` ndani ya folda husika. Kwenye begi ongezeni waya wa data wa simu uliojaribiwa, CR2032 mbili, na adapta moja ya USB ya Atheros AR9271 kwa ajili ya kupimia: ikishika mtandao kwenye mashine iliyogoma, mmejua kwamba ruta na mfumo ni vizima na kosa liko kwenye kadi au draiva yake.

Mashine tatu ziko mezani hapo mbele, zote hazina waifai, na kila moja ina sababu yake. Naomba vikundi vitatu, kila kimoja kiwe na mwalimu walau mmoja. Daftari mkononi, na amri ya kwanza ni `lspci -nnk`.